Winga Aliyekataa Chenga

Lori la Muktar lilikuwa limeshawaacha nyuma watoto wa Zombe waliokimbia pembeni wakipiga makofi ya kejeli, na bado hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Watu wa Mwingi walikaa kwenye sakafu ya mbao iliyokuwa imeshinda wiki nzima na mbuzi, wakishika ubavu wa lori, kila mmoja akiangalia upande wake. Asubuhi walipokuwa wakienda, walilalamika sana juu ya harufu ya mikojo. Sasa hakuna aliyeisikia. Kulikuwa na kitu kilichonuka zaidi, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kona juu ya gurudumu la spea, kimevaa jezi namba saba, kinatabasamu.

Kalunde ndiye aliyeanza.

"Jonah," akasema, "leo umenifanya nitamani kutapika."

"Pole, dada."

"Sitaki pole yako. Nilitaka goli."

Kalunde alikuwa na hoteli ya chai pale Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, mahali malori yanapopumzika. Huyo namba saba alikuwa ndugu yake mdogo. Mama yao alikufa Jonah akiwa hajajua kufunga vifungo vya shati, na Kalunde akamlea kwa chai na chapati za jana. Kwa hiyo alijiona ana haki mbili za kumtukana, ya dada na ya shabiki, na siku hiyo alikuwa anazitumia zote.

Maneno yake yalikuwa kama kufungua zizi. Kila mtu akatoka na lake.

"Mwalimu Mulei!" akaita Mutie, mwenye duka la vitambaa, ambaye alikuwa mwenyekiti wa mashabiki kwa sababu jezi zilitoka dukani kwake. "Hebu tuambie. Hiyo ndiyo ulituita tukuje kuona? Mbele kuna watu wanne wamesimama kama mbuzi wanangoja josho. Mpira ukifika, kila mmoja anaangalia mwenzake!"

Mulei, kocha, alifundisha shule ya msingi na alipenda kueleza mpira kama anayeandika ubaoni. "Mpango ulikuwa sawa," akasema. "Mpira unapita kulia. Jonah anamzunguka beki. Anapiga krosi. Nzomo anaruka, kichwa, goli. Tumefunga hivyo tangu mwaka uanze, na nyinyi mkashangilia."

"Leo Nzomo aliruka kama kuku amefungwa miguu!" mtu akasema kutoka nyuma.

"Nzomo aruke akichukua nini?" Nzomo mwenyewe akajibu kwa hasira, maana naye alikuwa humo humo. "Nyuki? Mpira haukuja! Nimesimama pale mbele ya goli mpaka kipa wao ameniuliza kama nina watoto."

Hata hapo hawakucheka. Mutie alitema mate nje ya lori, upepo ukamrudishia kidogo, akajipangusa. Yeye alitaka mpira mrefu, kutoka kwa kipa moja kwa moja mpaka mbele, mabeki wa Zombe wahangaike nao juani. Mulei akamwambia mpira wa namna hiyo ni wa watu wasiojua kusoma. Mutie akamuuliza kama hao waliowafunga bao moja mchana huo walikuwa wamesoma wapi. Mwingine akasema dawa ni kupitia katikati, pasi fupi fupi. Akaambiwa anyamaze, uwanja wa Zombe una mawe na pasi fupi huishia kwenye jiwe. Kila mpango uliotajwa ulipata mtu wa kuutemea mate.

Lakini wote walijua wanazunguka nje ya nyumba. Mashambulizi yote ya Tyaa Rangers, timu yao, yalipita kwenye miguu ya Jonah. Miaka yote hiyo alikuwa akija uwanjani macho mekundu, ananuka kaluvu, ile pombe yetu ya sukari na miwa, na beki akimkaribia tu anajikuta amekaa chini, mpira uko kwingine na Jonah yuko kwingine. Mwezi wa sita ilikuja mikutano ya injili, hema likapigwa karibu na mnada, na Jonah akaokoka mbele ya watu wote. Kalunde alilia siku hiyo. Kila mtu alifikiri mambo yatakuwa mazuri zaidi. Kama mlevi anacheza hivyo, si mtu mwenye akili zake ataruka?

Badala yake, katika mechi ya kwanza tangu aokoke, wakaona mambo ya Zombe. Jonah anapata mpira. Anakwenda mpaka kwa beki. Anasimama. Halafu anakimbia moja kwa moja mpaka kwenye miguu ya yule beki, kama mtu anayerudisha jembe la jirani.

"Na ulikuwa unamwambia nini?" Mutie akamgeukia ghafla. "Mimi nilikuona. Mdomo yako ilikuwa inaenda. Unaongea na beki ya Zombe. Mlikuwa mnaongea nini?"

Jonah akaacha kutabasamu. "Nilikuwa namwambia mahali naenda."

Lori lilipiga shimo, watu wakarushwa juu, wakatua.

"Ulikuwa unamwambia nini?" Kalunde akauliza polepole.

"Mahali naenda. Nikienda kulia namwambia, naenda kulia. Mara ya kwanza hakuniamini, akaruka kushoto, nikapita vizuri. Si mliona? Baadaye akaniamini."

Basi akawaeleza, bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Usiku ule wa hema mhubiri alisema juu ya wanaume wanaoaga nyumbani wakielekea kisimani na mitungi, kumbe wanakwenda kwenye pombe. Alisema uongo hausemwi kwa ulimi peke yake. Mguu unaoonyesha huku na kwenda kule umeshadanganya, na Mungu ameusikia. Wanaume wengi mle ndani waliinamisha vichwa wakifikiria visima vyao. Jonah aliangalia miguu yake mwenyewe. Akaona ni miguu iliyodanganya watu tangu utoto, tena mbele ya umati, tena ikipigiwa makofi. Akaahidi pale pale kwamba haitadanganya mtu tena.

"Asi!" Nzomo akasema. "Mtu huyu ni mgonjwa."

"Jonah, kijana yangu," Mulei akasema kwa sauti ya darasani, "mimi naimba kwaya. Naijua Biblia. Daudi alijifanya mwenda wazimu mbele ya mfalme wa Gathi. Alitoa mate mpaka kwenye ndevu. Hiyo haikuwa chenga?"

"Daudi alikuwa na mambo yake mengi, mwalimu. Mimi siwezi kujilinganisha."

"Na penalti je?" Mutie akauliza. "Tukupatie penalti. Utaangalia kona hii upige ile?"

"Nitapiga ile ninaangalia."

"Kipa atashika!"

"Akishika ni bidii yake."

Kalunde alimwangalia ndugu yake, shingo ile nyembamba, uso ule uliokuwa umeanza kunona tangu aache pombe. Alikuwa ameipenda timu hiyo tangu ilipocheza na mpira wa matambara. Ilikuwa desturi kwamba kila siku ya mechi wachezaji wanakuja kwake kunywa uji wa wimbi, uji mchachu, kabla ya kwenda uwanjani, na hakuna mchezaji aliyekanyaga uwanja wa Mwingi bila kupita kwenye kikombe chake. Jumamosi ijayo Zombe wangekuja kwa mechi ya marudiano. Atakayeshinda anakwenda Kitui kucheza kombe la wilaya. Mwingi haikuwa imefika huko hata siku moja. Na sasa njia ya Kitui ilikuwa imezibwa na mjinga huyu anayemtangazia beki safari yake.

"Uondoke mbele ya macho yangu," akamwambia.

"Niende wapi, dada? Gari inatembea."

Hapo watu wakacheka mara ya kwanza, na kilikuwa kicheko kibaya.

Walipofika Nuu, Muktar alisimamisha lori ili aongeze maji kwenye rejeta. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa Garissa aliyekaa Mwingi miaka mingi, na aliendesha lori lake mwenyewe kwa sababu hakumwamini dereva yeyote. Mashabiki walishuka kunyoosha miguu. Jonah alilala chini ya ukuta wa duka, akafunika uso na kofia. Mutie na wanaume wawili wakapotea nyuma ya maduka.

Waliporudi walikuwa wamebeba mtungi, mdomo wake umezibwa kwa majani. Muktar akatoa kichwa chini ya boneti.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya kwenda nyumbani tu," Mutie akasema.

"Hii gari imebeba mbuzi mgonjwa," Muktar akasema. "Imebeba ngozi iko na funza. Imebeba nyinyi. Hiyo kitu, hapana."

"Muktar, ndugu yangu..."

"Kama inapanda, mimi nashuka. Wewe endesha."

Hakuna aliyejua kuendesha. Basi, kwa kuwa hawakutaka kuuacha, walikaa chini pale pale kando ya gurudumu wakaanza kuunywa, wakipokezana, ndevu zikilowa, inzi wakija. Kalunde aliwaangalia akageuza uso. Lakini Mutie alimfuata mpaka kwenye mti wa mwiba aliposimama, akainama karibu yake. Pumzi yake ilikuwa nzito.

"Mwaitu," akamwita kwa heshima, kama mtu anayemwita mama yake, ingawa walilingana umri. "Sisi tumeongea. Jonah si mtu mbaya. Ni akili tu imekauka. Akipata kidogo, kidogo kabisa, miguu itakumbuka kazi yake."

"Kidogo cha nini?"

"Unajua."

"Hatakunywa. Ameapa."

"Kwa mkono wangu hatakunywa. Kwa mkono wako anakunywa kila siku ya mechi." Mutie akatabasamu, jino lake moja lilikuwa jeusi. "Ule uji wako ni mchachu. Nani atajua? Mimi nitaleta Jumamosi asubuhi. Wewe unakoroga tu. Tukienda Kitui, mwaitu, watu wote watasema ni Kalunde."

Kalunde alipaswa kumzaba kofi. Lakini hakumzaba, na jambo hili lilimkaa rohoni baadaye kuliko yote. Alisimama pale akiangalia barabara, na kwa muda kama wa kumaliza kikombe cha chai alimwona Jonah wa zamani akishuka kulia kwa kasi, beki akianguka, umati wa Kitui ukisimama, na yeye mwenyewe amevaa leso mpya katikati ya umati. Akaona ni kitamu. Ndipo akasema, "Tutaona," na Mutie akaenda zake akifikiri amekubaliwa.

Sehemu iliyobaki ya safari ilikuwa chafu. Wale waliokunywa walianza kuimba, wakaacha, mmoja akatapika kwenye viatu vya Mulei. Mutie alipita karibu na Jonah akampapasa shingo kama anavyopapaswa fahali mnadani. Jonah akamshukuru.

Kalunde alikaa mbali nao, akakumbuka mlango.

Mwaka uliotangulia Jonah aliuza mlango wa nyumba yake kwa ajili ya kaluvu. Si mlango wa ghala wala wa choo. Mlango wa nyumba anamolala na mke wake Muthoki na watoto. Aliung'oa mchana, akaubeba kichwani katikati ya soko, watu wakimpisha wakifikiri ni fundi. Muthoki akatundika gunia. Miezi hiyo ya mvua alilala na panga chini ya mto, na mtoto mmoja akashikwa na kichomi, nusura afe. Kalunde alikwenda kumtafuta Jonah akamkuta kwenye mtaro nyuma ya bucha, mbwa analamba mdomo wake. Alimbeba. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Alimwosha, akamlaza nyuma ya jiko la hoteli, na kesho yake akaondoka tena.

Yote hayo aliyajua alipokuwa amesimama chini ya ule mti wa mwiba. Aliyajua na bado alisema tutaona. Akajitazama mikono, akaona kinyaa.

Wiki hiyo Mwingi haikuongea kitu kingine. Hotelini kwake walipanga mashambulizi kwa vikombe na vijiko juu ya meza, kijiko kikiwa Nzomo, chumvi ikiwa Jonah, wakagombana mpaka chumvi ikamwagika. Mulei alisema atamhamisha Jonah kushoto. Wengine wakasema amtoe kabisa, lakini hakukuwa na mwingine. Na kila mara waliponyamaza, Mutie aliegemea ukuta akasema, "Msijali. Jumamosi mtaona," na wale waliojua wakachekea ndani ya vikombe. Kalunde alikuwa akipita katikati yao na birika akiwasikia wanavyomwongelea ndugu yake kama injini inayohitaji mafuta. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hata akikataa, haitasaidia. Mutie atatafuta mkono mwingine. Atatia kwenye chupa ya maji uwanjani. Atamtumia mtu wa kanisani. Njia ya kumzuia ilikuwa moja tu, afikiri kwamba kazi imeshafanyika.

Jumamosi asubuhi Mutie alikuja na chupa, ameificha ndani ya koti. Wachezaji walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, wanangoja uji. Jonah alikuwa anaomba, macho yamefungwa, na Nzomo alikuwa anamwigiza.

Kalunde aliichukua ile chupa, akaingia jikoni, akafunga pazia. Aliimwaga yote kwenye jivu la jiko. Jivu lilitoa moshi na harufu ile ile ya mtaro wa nyuma ya bucha. Akapakua uji. Kikombe cha Jonah akakitia sukari zaidi, akatoka nacho, akakiweka mbele yake huku Mutie akiangalia.

"Kunywa yote," akasema.

"Asante, dada. Leo ni tamu."

Akamwonyesha Mutie ile chupa, tupu. Mutie akafunga macho kwa furaha kama mtu aliyekunywa yeye.

Uwanja ulijaa. Wale waliojua waliwaambia wasiojua, na refa alipopuliza filimbi karibu kila mtu upande wa Mwingi alikuwa anaangalia miguu ya Jonah akingoja dawa ishike. Jonah alijikwaa kwenye kichuguu. "Imeanza!" wakapiga kelele. Jonah akarusha mpira vibaya. "Inapanda kichwani!" Kalunde alisimama nyuma ya goli akiwasikiliza, na ilikuwa kama kusikiliza watu wakishangilia mtu anayezama.

Halafu Jonah akapata mpira karibu na mstari. Beki alikuwa yule yule wa Zombe. Jonah akamwambia kitu. Ilionekana wazi beki anafikiri. Pengine alisema moyoni, juzi alisema kweli, lakini leo yuko kwao, mbele ya watu wake, haiwezekani mtu awe mjinga mara mbili. Akaruka upande mwingine. Jonah akapita mahali pale pale alipotaja, akapiga krosi, Nzomo akaruka, kichwa, mpira ukagonga mwamba wa juu ukarudi uwanjani.

Upande wa Mwingi ulilipuka. "Kaluvu hiyo!" mtu akapiga kelele, na wengine wakadaka neno, wakaliimba. "Kaluvu! Kaluvu!"

Muthoki alikuwa amesimama karibu na kona, mtoto mgongoni. Kalunde alimwona akigeuka. Alimwona akipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwake.

"Wamempa?" Muthoki akauliza.

Mutie alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, mkono mmoja ndani ya koti. Koti lilikuwa limefura. Alikuwa na chupa nyingine, na mapumziko yalikuwa hayajafika. Kalunde akifungua mdomo kusema hapana, Mutie atasikia, na ile chupa nyingine itapata njia.

"Kalunde. Nakuuliza. Amekunywa uji wako leo. Wamempa?"

Kalunde akaangalia uwanjani.

Muthoki hakumtukana. Alivuta kichwa nyuma kidogo, kama mtu anayefunua sufuria akakuta nyama imeoza, akarudi alikotoka. Mtoto aliendelea kumwangalia Kalunde mpaka walipomezwa na watu.

Yule beki wa Zombe hakudanganywa na ukweli tena. Kila Jonah aliposema kulia alikwenda kulia. Mulei akamhamisha kushoto, akasema kushoto. Kipindi cha pili mashabiki walianza kunung'unika, baadaye kuzomea, baadaye kutupa maganda ya machungwa. Filimbi ilipolia hakukuwa na bao hata moja, na Zombe wakapita kwa lile lao la wiki iliyopita. Waliondoka wakiimba, wakipungia mkono jezi namba saba kama rafiki yao.

Hotelini watu walijazana mpaka mlangoni. Hawakutaka chai.

"Uliweka kidogo," Mutie akamwambia Kalunde. "Nilisema kidogo, lakini si kidogo hivyo!"

"Sikuweka."

"Unasema?"

"Nilimwaga kwenye jivu. Nenda ukanuse." Akaweka birika chini. "Nyinyi nyote mkanuse. Mlitaka nimrudishe kwenye mtaro ili Nzomo apige kichwa. Na mimi mjinga nilisimama Nuu nikafikiria. Nikiwaangalia natapika, na nikijiangalia natapika."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka kwenye mnada. Msaliti, wakamwita. Mchawi. Dada wa mjinga ni mjinga. Mulei, ambaye hakuwa amejua lolote, alisema kwa sauti ndogo kwamba labda mpira mrefu ungesaidia, na hakuna aliyemsikia. Kikombe kimoja kilivunjwa. Mutie akasema tangu siku hiyo mtu wa Tyaa Rangers akionekana anakunywa chai ya Kalunde, asijiite mtu wa Tyaa Rangers. Wakatoka wote, na mabenchi yakabaki yamepinduka.

Jonah alikuja jioni, amekwisha kuoga. Alikuwa amesikia yote. Kalunde alikuwa anapanga mabenchi, na alipomwona mlangoni alisimama, akangoja. Aliona anastahili neno moja la shukrani. Hata nusu ya neno.

Jonah aliinua benchi la mwisho akaliweka mahali pake.

"Lakini dada," akasema kwa upole, "ulimwonyesha Mutie chupa tupu. Hukusema kitu, lakini ulimdanganya. Nimekuombea."

Kalunde alimtazama. Kisha akachukua kitambaa cha kufutia meza, kilichokuwa kimelowa, akamrushia usoni, akaenda nyuma ya pazia, akakaa juu ya gunia la makaa mpaka aliposikia ameondoka.

Hawakuongea mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Wateja hawakurudi. Muktar peke yake aliendelea kunywa chai kwa Kalunde, pamoja na madereva wa mbali wasiojua habari za mpira, na hao hawakutosha. Kalunde alifunga hoteli akahamia Matiliku kwa shangazi yake, akafungua nyingine karibu na soko. Hakuwahi tena kwenda kuangalia mpira. Alifariki huko mwaka wa themanini na tisa.

Muthoki aliambiwa ukweli na Jonah siku ile ile ya mechi. Alisema amesikia. Alimtumia Kalunde kuku mmoja, lakini yeye mwenyewe hakwenda kumwona, wala Mwingi wala Matiliku.

Mulei alihamishwa shule. Nzomo alijiunga na jeshi. Mutie alimlaumu Kalunde mpaka duka lake lilipofungwa, baadaye akaokoka, baadaye akaacha. Muktar alirudi Garissa na lori likabaki Mwingi, bovu, bila magurudumu.

Tyaa Rangers ilivunjika. Uwanja ukaongezwa kwenye mnada wa mbuzi.

Jonah hakunywa tena. Alicheza msimu mmoja zaidi, hakufunga bao, akaacha. Anatengeneza panja Mwingi mpaka sasa, na mteja akimletea tairi bovu humwambia ni bovu.